Picha ya Sahani ya Nani?

Ukitaka kujua mtoto wa miaka mitatu alikula ugali kiasi gani jana, njia ni chache. Utakaa jikoni na mizani tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha usiku. Au utamwuliza mama, naye akuonyeshe kwa kiganja. Au utamfungulia kitabu cha picha: sahani ileile, ugali uleule, ukurasa huu kidogo, unaofuata zaidi, wa mwisho tele, na kila picha ina gramu zake ambazo mama haonyeshwi. Mama anaweka kidole, mtafiti anaandika namba, wanahamia kwenye mboga.

Njia hii ya tatu watafiti wa lishe wanaipenda, na hawana sababu mbaya. Ni nafuu, ni ya haraka, haimtaki mama ajue kusoma wala kupiga hesabu. Ninachouliza ni hiki: picha hizo zilipigwa sahani ya nani?

Nauliza nikiifikiria Londiani. Mji huu wa reli ya Nakuru na Kisumu, wenye chuo cha misitu tangu 1957, uko juu kwenye baridi, upande wa mashariki wa Kaunti ya Kericho. Hapa kuna viazi, mahindi, kabichi, minji na maziwa. Ukiteremka kuelekea Kericho mjini na Bomet ndipo majani chai yanapofunika vilima. Anayekwenda kuchuma huondoka alfajiri, na mtoto hulishwa na nyanya, dada au jirani. Kitabu cha picha kilichotengenezwa kwingine kitapata taabu hapa, na taabu hiyo ina mafunzo.

Mjadala unaofuata nimeubuni mimi. Wasemaji ni wanne, hawana majina: afisa lishe aliyekuja na kitabu, mwalimu wa chekechea aliyetoa darasa lake, mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini, na kogo, yaani bibi wa Kikipsigis, anayelea wajukuu huku binti yake akichuma chai. Mimi nitawakatiza kila nitakapoona inafaa.

AFISA LISHE: Kogo, nianze na sababu ya kubeba kitabu hiki. Utafiti mkubwa wa afya wa taifa wa mwaka 2022 uliwauliza akina mama kuhusu chakula cha watoto wadogo. Jana alikula nafaka? Alikunywa maziwa? Yai? Mboga za majani? Mtoto wa miezi 6 hadi 23 akipata makundi matano kati ya manane, tunasema chakula chake kina mchanganyiko unaotakiwa. Ni swali zuri, lakini halina kiasi. Aliyelamba yai kwenye kijiko na aliyekula yai zima wote wanaandikiwa ndiyo. Udumavu nchini umeshuka, asilimia 26 mwaka 2014, asilimia 18 mwaka 2022. Watoto ambao bado wamedumaa hatutawaelewa kwa ndiyo na hapana peke yake.

KOGO: Na kiasi unakitafuta kwenye picha.

AFISA LISHE: Kwa sababu maneno hayatoshi. Ukiniambia alikula ugali kidogo, kidogo chako na kidogo changu si kimoja.

KOGO: Hebu lete. Hii sahani ni ya mtu mzima, binti yangu. Na ugali huu umekatwa vizuri kama wa hotelini. Sisi tunaugeuza kutoka kwenye sufuria, tunakata, mdogo anapewa kipande mkononi. Anakula nusu, nyingine anampa kaka yake, au kuku wanamnyang'anya. Niweke kidole wapi?

AFISA LISHE: Chagua inayokaribia.

KOGO: Ya kwanza ni kubwa kwake. Hakuna iliyo chini ya hiyo?

Hakuna iliyo chini. Hapo kogo ameshika jambo ambalo Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, kililichunguza kwa miaka. Mwaka 2006 Emma Foster na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio moja: watoto walikisia kiasi cha chakula kwa kutumia picha zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wazima, kisha kwa picha zilizopimwa kulingana na umri wao. Kwa picha za watu wazima, makisio yalizidi ukweli kwa wastani wa asilimia 45. Kwa picha za rika lao, tofauti ilishuka hadi asilimia 1 hivi. Watoto na macho yao hawakubadilika. Kilichobadilika ni kitabu.

Ni kweli kwamba kule mtoto alijichagulia mwenyewe, na hapa anayechagua ni mlezi, kwa hiyo namba ile haiwezi kuhamishwa kama ilivyo. Lakini tuijaribu tuone ingefanya nini. Mtoto aliyekula gramu 200 za ugali kwa siku angeandikiwa 290. Gramu 90 za ziada zina takriban kilokalori 100, na mtoto wa miaka mitatu anahitaji kama 1,000 hivi kwa siku. Sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku imeandikwa kwenye fomu bila kupita mdomoni.

MHUDUMU WA AFYA: Madam, mimi natembelea nyumba hizi kila wiki. Nikija mikono mitupu, napewa chai na viazi vya jana. Nikija na mgeni mwenye mizani, kuku anachinjwa. Siku hiyo mtoto anakula mara tatu ya kawaida yake, wewe unaandika kwa usahihi wa gramu moja. Usahihi wa nini sasa? Picha angalau inauliza juu ya jana, na jana hakuna aliyejua kwamba utakuja.

MWALIMU: Lakini mizani imewahi kufanya kazi Kenya hii. Kule Embu, katikati ya miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa California walipima chakula cha familia jikoni, wakarudi tena na tena.

MHUDUMU WA AFYA: Hapo umesema, mwalimu. Walirudi tena na tena. Mgeni akirudi mara nyingi hachinjiwi kuku tena. Nani atalipa wapimaji wa kurudi hivyo Londiani, hadi juu msituni, wakati wa mvua?

Hoja ya mhudumu ina uzito, na watetezi wa mizani huwa wanaipita haraka. Kupima kunabadilisha chakula kinachopimwa. Kunachosha pia: mpishi anasimamishwa kabla ya kutia chumvi, kila sahani inapimwa ikiwa tupu, inapimwa ikijaa, masalio yanapimwa tena. Ndiyo maana Rosalind Gibson na Elaine Ferguson, walipofanya kazi na akina mama wa vijijini Malawi, walitafuta njia ya katikati. Mama alipewa mapema bakuli na kikombe vya kutumia siku ya utafiti, pamoja na karatasi ya picha za vyakula ili aweke alama kila anapokula. Kesho yake alihojiwa, na kiasi kikapimwa kwa mizani kwa kutumia chakula chenyewe au kitu cha kukiwakilisha. Picha pale haikupima kitu. Ilimkumbusha mama alichokula, na kazi ya gramu ikabaki kwa mizani.

KOGO: Mimi sihitaji bakuli lenu. Kikombe cha huyu mdogo ni kile cha plastiki cha kijani, kila siku ni hicho. Tia maji hadi pale ninapomtilia uji, umimine kwenye jagi lako lenye mistari, umemaliza. Na mandazi aliyokula nilimnunulia kibandani. Nenda ukanunue ya bei ileile ukayapime, ukirudi umletee.

AFISA LISHE: Kogo umefundisha somo langu zima. Mbinu hizo zimo kwenye miongozo yetu, maji kwa kikombe cha nyumbani na bei ya dukani. Lakini ugali hauingii kwenye jagi. Mboga haiingii. Githeri ya shuleni wewe hukuiona kabisa.

MWALIMU: Na hapo ndipo ninapoogopa. Mtoto wa darasa langu ana miaka mitano. Ukimwuliza alikula githeri kiasi gani, atakuonyesha picha yenye rangi nzuri. Wanaofanya kazi hii wanajua kwamba mtoto chini ya miaka saba au minane hategemewi kusimulia mlo wake peke yake. Basi unamwuliza mama, ambaye alikuwa kwenye majani chai. Anakwambia kile ambacho mtoto huwa anakula. Hajui jana alikula nini. Halafu kitabu chako kina picha tatu, naye kwa heshima anachagua ya katikati. Ya kwanza itamfanya aonekane anawanyima watoto, ya mwisho itamfanya aonekane mlafi.

KOGO: Hapo umenisema mimi.

Watafiti wanaijua tabia hiyo ya kukimbilia katikati, na wengine huweka picha nyingi zaidi, au idadi isiyo na katikati, ili kuizuia. Michael Nelson na wenzake huko London walitumia picha nane kwa kila chakula, tangu kiasi cha wanaokula kidogo kabisa hadi cha wanaokula kingi kabisa, baada ya kuchunguza watu wanakula kiasi gani kwa kweli. Tazama mpangilio wa kazi: kwanza kujua watu wa mahali wanakula kati ya ngapi na ngapi, ndipo kamera itolewe. Anayeanza na kamera amebuni watu.

Kenya haijakaa tu. Chuo Kikuu cha Kenyatta na Chuo Kikuu cha Helsinki vimeandaa kitabu cha picha za vyakula kwa vijana wa Kenya wa miaka 9 hadi 14, na vyakula vyake ni vile vinavyoliwa Nairobi. Ni kazi ya kupongezwa, na umri umeandikwa pale juu waziwazi. Kosa litakuwa la yule atakayekichukua kitabu cha kijana wa miaka 12 wa Embakasi, Nairobi, akakifungua mbele ya mlezi wa mtoto wa miaka mitatu Londiani, kwa kuwa tu pote pawili ni Kenya.

AFISA LISHE: Mnanibana, lakini nijibu. Mimi sitafuti gramu za mtoto mmoja. Natafuta wastani wa watoto mia kadhaa. Huyu atazidisha, yule atapunguza, mwishoni makosa yanafutana.

MWALIMU: Yanafutana yakiwa ya kila upande. Kitabu kisicho na picha ndogo kinakosea upande mmoja kwa watoto wote mia kadhaa.

Mwalimu amemjibu vizuri. Ningeongeza jambo moja ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, na ambalo ripoti nyingi hulitaja kwa mstari mmoja kisha zikasonga mbele. Majaribio ya picha yameonyesha mara nyingi mwelekeo uleule: kiasi kidogo hukisiwa kuwa kikubwa kuliko kilivyo, na kiasi kikubwa hukisiwa kuwa kidogo. Watu huvutwa kuelekea katikati kutoka pande zote mbili. Wastani unaweza kutoka sawa kabisa, afisa akafurahi. Lakini mtoto aliyekula vijiko vinne ameandikiwa saba, na aliyekula sahani mbili ameandikiwa moja na nusu. Pengo kati yao limezibwa na mbinu. Kaunti inayotaka kujua watoto wangapi wako chini ya mahitaji yao itapata idadi ndogo kuliko ile halisi, na waliopotea kwenye hesabu watakuwa walewale ambao utafiti ulifanywa kwa ajili yao. Kisha mtu atasema: chakula wanapata, basi udumavu huu umetokana na kuhara au uchafu. Huenda kweli. Lakini kwa kitabu hicho hawezi kujua.

Na lawama humwangukia nani? Ripoti huandika kwamba akina mama wamezidisha makisio. Kosa la kitabu linasomwa kama kosa la mama.

MHUDUMU WA AFYA: Mimi nina simu. Wengi wana simu. Kwa nini mama asipige picha ya sahani yenyewe kabla na baada, atume? Hakuna kukumbuka, hakuna kukisia.

KOGO: Simu yangu ni mulika mwizi. Na jikoni kwangu ni moshi, saa mbili usiku.

MWALIMU: Na picha ya nyumba ya mtu na mtoto wake inakwenda kukaa wapi? Kuna sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na taarifa za mtoto zinataka ridhaa ya mzazi. Ridhaa ya kweli, si ya kuweka sahihi haraka ili mgeni aondoke.

Simu nayo inaona kile tu kinachoonekana, na katika nchi ya chai hilo ni tatizo kubwa kuliko linavyodhaniwa. Chukua kikombe cha asubuhi. Mtoto wa Londiani anakunywa chai na viazi au ugali wa jana. Kama nusu ya kikombe cha mililita 200 ni maziwa, amepata takriban gramu 3 za protini na miligramu 120 za kalisiamu. Maziwa yote yakipelekwa kuuzwa asubuhi hiyo, kikombe kilekile, kwenye meza ileile, ni strungi: maji, majani na sukari. Kati ya hizo mbili kuna ngazi nyingi za kahawia ambazo mashine ya kuchapia itazibadilisha inavyotaka. Halafu chai yenyewe, ikinywewa pamoja na chakula, inapunguza madini ya chuma ambayo mwili unapata kutoka kwenye mboga na maharagwe. Kwa kikombe hiki mtafiti angepata zaidi kwa kuuliza swali moja, maziwa ya leo mliuza yote?, kuliko kwa kurasa kumi za picha.

KOGO: Na mboga yetu ya saga tunaitia malai. Wiki ya maziwa mengi inang'aa, wiki ya ukame inapikwa na maji na chumvi. Picha yako imeonja malai?

AFISA LISHE: Picha haionji, Kogo. Hiyo tunauliza kwenye mapishi, tunaandika kila kiungo, kisha tunakwenda kwenye majedwali ya virutubishi ya Kenya ya mwaka 2018.

KOGO: Basi uliza mapishi kwanza, picha baadaye. Na uje mara mbili. Mwezi wa bonasi ya chai usiufananishe na ule wa kusubiri mahindi yakomae.

Afisa angeshindwa hapa kama mjadala huu ungekuwa wa kutafuta mshindi, na ningekuwa nimemwonea. Kazi yake ni ngumu. Ana siku chache, gari la kuazima, na fomu ambayo mtu mwingine aliiandika. Anachosema kuhusu ndiyo na hapana ni kweli: bila kiasi, mtoto aliyelambishwa yai na aliyekula yai ni kitu kimoja. Siafiki wanaotaka kitabu kitupwe. Picha nzuri humsaidia mlezi kuliko neno "kidogo", na humsaidia kuliko kiganja.

AFISA LISHE: Nipeni basi kitabu mnachokitaka.

MWALIMU: Chenye picha za sahani na vikombe vya watoto wa hapa. Na kurasa za masalio, maana kilichobaki ni habari sawa na kilichopakuliwa.

MHUDUMU WA AFYA: Kamera iinamishwe kama jicho la mtu aliyeketi mbele ya chakula. Ukipiga ugali kutoka juu kabisa, urefu wake unapotea, vipande viwili tofauti vinaonekana kimoja.

KOGO: Na unioneshe mimi na dada yake, sote wawili, kila mtu peke yake. Mchana ni yeye anayemlisha.

Kitabu cha namna hiyo hakihitaji miujiza. Kinahitaji wiki kadhaa za mizani katika nyumba za Londiani, kwa watoto wa umri tofauti, wakati wa mavuno na wakati wa upungufu, na wapimaji wanaorudi mpaka kuku aache kuchinjwa. Kisha kamera. Kisha jaribio la wazi: mtoto apakuliwe chakula kilichopimwa kimyakimya, mlezi aoneshwe picha kesho yake, na tofauti ichapishwe kwenye ripoti, kwa wanaokula kidogo na wanaokula kingi kila kundi peke yake, isifichwe ndani ya wastani. Vinywaji na uji viondolewe kabisa kwenye picha. Kikombe cha nyumbani na jagi la maji vinatosha.

Hukumu yangu ni kwamba utafiti usioweza kufanya hayo usiandike gramu za watoto wa Londiani. Uishie kwenye makundi ya vyakula, useme ukweli mdogo ulioupata. Namba yenye desimali iliyotoka kwenye sahani ya mtu mwingine ni mbaya kuliko kutokuwa na namba, kwa sababu bajeti ya uji wa chekechea itapangwa kwayo.

Nawe utakayeletewa ripoti kama hiyo, uwe mwakilishi wadi, mwalimu au mzazi, usianze na matokeo. Fungua ukurasa wa mbinu, uangalie picha zilipigwa wapi, na chakula kilichopigwa kilikuwa cha mtoto wa miaka mingapi.